UZI: Utajuaje uchungu wa kujifungua umeanza? Wamama wa wiki 36 kwenda mbele, kujeni hapa

mkunga_wa_eastlands

Wamama habari zenu. Mimi ni mkunga, nafanya kazi leba huku Eastlands, Nairobi, na nimeamua kuandika hii juu kila wakati naulizwa swali moja kwa simu na majirani, "sista, huu ni uchungu ama ni tumbo tu?"

Kuna mama anakuja saa nane usiku amelia njia yote, tukimpima njia bado imefunga, ametulia kabla hata hajapewa kitanda. Huyo hana shida, heri aje mara kumi apate ni bado. Mwenye ananitia wasiwasi ni yule mwingine, maji ilimtoka jana asubuhi lakini hakuskia uchungu so akaona acha amalize kufua kwanza. Anakuja leo jioni ako na homa na moyo wa mtoto unakimbia.

So kitu yenye nataka mtoke nayo hapa ni hii: uchungu haupimwi na venye unauma, unapimwa na mpangilio wake. Na kuna vitu zingine hazingojangi uchungu kabisa, ukiziona unatoka kwa nyumba hiyo saa.

Nianze na tumbo kukazana. Kuanzia miezi ya katikati tumbo inaanza kukazana na kuachilia, kizazi kinajizoesha tu. Wengine tunaita uchungu wa uongo, hospitali unaweza skia wakiita Braxton Hicks, hilo ni jina la daktari wa Uingereza aliyeuelezea mwaka wa 1872. Hiyo inakuja venye inataka. Inakuja ukiwa umefanya kazi mingi, hujakunywa maji, ama mkojo imejaa. Ukibadilisha kukaa, ukitembea kidogo, ukinywa maji glasi mbili, ukaoga maji ya vuguvugu, inapungua ama inaisha. Mara nyingi inashika mbele tu.

Uchungu wa ukweli hauachi. Utembee, ulale, uoge, unarudi tu. Wengi wanausikia ukianzia kwa mgongo chini pale kiunoni halafu unazunguka kuja mbele, wengine wanausikia kwa mapaja. Na kadri masaa yanaenda unakuwa mrefu, unakuwa mkali, na nafasi katikati inapungua. Wekelea mkono juu ya tumbo karibu na mbavu, wakati imeshika utasikia ni ngumu kama paji la uso, ikiachilia inarudi laini. Ikikuwa ngumu moja kwa moja na haiachilii, hiyo siyo uchungu wa kawaida, enda hospitali.

Sasa kuhesabu, hapa watu wengi wanakosea. Usihesabu kutoka uchungu unapoisha mpaka mwingine uanze. Unahesabu kutoka unapoanza mpaka mwingine unapoanza. Chukua simu, fungua pale pa kuandika, kila ukianza weka saa. Angalia hii:

21:10, 21:17, 21:34, 21:40, 22:05

Hapo ni dakika 7, halafu 17, halafu 6, halafu 25. Hakuna mpangilio. Kula, lala, pumzika. Linganisha na hii:

01:12, 01:20, 01:27, 01:33, 01:39, 01:44, 01:49

8, 7, 6, 6, 5, 5. Huyo ameshikwa. Kama kila mmoja unakaa karibu dakika nzima na imeenda hivyo kwa saa moja, na ni mtoto wa kwanza, beba begi utoke. Hiyo ndio tunafundishanga, kila dakika 5, unakaa dakika 1, kwa saa 1. Lakini hiyo ni ya mama wa kwanza aliyefikisha wiki 37, asiye na shida yoyote na anayekaa karibu na hospitali. Wengine nitawaeleza chini, ulizeni tu.

---

mamawatatu

Asante sista. Naongezea hapo kwa mwisho juu watu wasome wafikirie ni dakika tano kwa kila mtu. Mimi wa kwanza nililala leba usiku mzima na mchana wake. Wa tatu nilishikwa nikiwa najaza maji kwa mitungi, nikasema acha nimalize mitungi, enyewe nilifika kwa geti ya hospitali kichwa iko karibu. Nakaa Utawala na ilikuwa asubuhi, si mnajua hiyo barabara asubuhi.

---

mkunga_wa_eastlands

@mamawatatu umesema kitu kubwa. Mtoto wa pili kwenda mbele njia inafunguka haraka, mwili ushajua. Usingoje dakika 5. Ikishaanza kuwa na mpangilio, hata kama ni kila dakika 8 au 10, anza safari. Na kama unakaa mbali, Rongai, Utawala, Ruai, Kitengela, piga hesabu ya jam kwanza halafu ndio upige hesabu ya uchungu. Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni si saa za kusema "ngoja kidogo".

Mwenye alifanyiwa upasuaji mimba iliyopita, wewe usihesabu chochote. Uchungu ukianza tu, hata mdogo, enda hospitali yenye inaweza fanya upasuaji, juu ile kovu kwa kizazi inahitaji kuangaliwa na mtu. Hiyo inaenda pia kwa mapacha, mtoto aliyekaa vibaya, presha, na wale waliambiwa kondo la nyuma limekaa chini.

---

wiki38_githurai

Hello wote. Sista samahani, niko wiki 38 na hii ni first born wangu. Tangu saa kumi mchana tumbo inakazana inaachilia, mgongo unauma kama nikiwa kwa period, na nikienda choo nimeona kitu kama kamasi nzito iko na damu kidogo ya rangi ya brown hivi. Bwanangu ako job mpaka saa nne. Niende ama ningoje? Naogopa waniambie nimekuja mapema

---

mkunga_wa_eastlands

@wiki38_githurai pole mama, tulia. Nijibu haya kwanza kabla ya kitu kingine. Mtoto amecheza leo kama kawaida yake? Kuna maji yoyote inatoka, hata kidogo kidogo? Hiyo damu imechanganyika na ute ama ni damu yenyewe inatiririka? Kichwa inauma sana, ama unaona ukungu kwa macho? Uko na homa? Kuna siku kliniki walikuambia presha iko juu?

---

wiki38_githurai

Mtoto anacheza sana hata sahii. Maji hakuna. Damu ni kidogo imeshikana na ute tu. Kichwa sawa, homa sina, presha kliniki ya juzi walisema iko poa

---

mkunga_wa_eastlands

Vizuri. Huo ute ndio ulikuwa umeziba mlango wa kizazi miezi yote hii. Ukitoka ni ishara mlango umeanza kulainika, lakini haisemi ni leo. Mwingine unamtoka leo na anajifungua usiku, mwingine anakaa wiki nzima. Hata daktari akikupima njia kliniki, ama ukikutana na bwanako, unaweza ona damu kidogo ya brown siku hiyo. Damu ya kutia wasiwasi ni ile nyekundu, ya kulowesha pedi, ama yenye mabonge. Hiyo hata kama haikuumi unakimbia, na tafadhali usikubali mtu akupime njia kabla hawajajua kondo la nyuma limekaa wapi.

Sasa fanya hivi. Kunywa maji, kula kitu nyepesi, uji ama chai na mkate, oga maji ya vuguvugu, ulalie ubavu wa kushoto. Anza kuandika saa. Pigia mtu aje akae na wewe, usikae peke yako mpaka saa nne. Na usiogope kuambiwa umekuja mapema, hiyo aibu iache kabisa. Maji ikitoka, damu ikiongezeka, mtoto akipunguza kucheza, usinijibu hapa, toka.

---

rongai_mum

Hiyo ya kuambiwa umekuja mapema ndio ilinivunja moyo mimi. Nilienda hospitali moja, sitaitaja, nesi akanipima akasema sentimita mbili, rudi nyumbani. Hakuniuliza natoka wapi. Hakuniambia nirudi lini. Nilikaa nje kwa benchi na mamangu nikilia juu sikuwa na fare ya kwenda na kurudi. Nilikuwa naumwa, si eti najifanya.

---

mkunga_wa_eastlands

@rongai_mum pole sana, na hukuwa unajifanya. Sentimita mbili inauma. Wengine hiyo ndio sehemu ngumu zaidi juu ni ndefu na hulali. Kurudishwa nyumbani peke yake si makosa, lakini kumrudisha mama bila kumpa maelezo na bila kuuliza anakaa wapi, hiyo si haki.

Nieleze kwa nini inafanyika. Kufunguka kwa njia kuko na sehemu mbili. Ya kwanza ni polepole, mlango unalainika, unapungua unene, unafunguka mpaka karibu sentimita 5. Inaweza kuchukua masaa mingi sana, hata siku mbili kwa wengine, inashika inaachilia. Ya pili ndio ile ya nguvu, kutoka 5 mpaka 10. Tangu mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani limesema ihesabiwe kutoka 5, mbeleni ilikuwa inahesabiwa kutoka 3 au 4. Wakasema pia hii ya pili mara nyingi haizidi masaa 12 kwa mtoto wa kwanza na masaa 10 kwa wale wengine. Mama akilazwa mapema sana, watu wanaanza kumuona kama amechelewa, anawekewa dripu ya kuongeza uchungu na pengine hakuihitaji.

So kurudi nyumbani kunaweza kuwa kuzuri kwako. Lakini kabla hujatoka hapo uliza mambo haya: moyo wa mtoto mmeusikiza? Presha yangu ni ngapi? Nirudi nikiona nini? Na mwambie wazi natoka mbali, sina gari, nakaa peke yangu. Ukisema hivyo hospitali nyingi zitakuacha utembee tembee hapo kwa kompaundi. Uko na haki ya kuuliza, usinyamaze juu amevaa uniform.

---

mama_neema_k

Na nyinyi mnaongea hospitali tu. Kuna mama pale soko anauza dawa ya kienyeji ya kuharakisha, unachemsha unakunywa wiki 38 ukienda hospitali unateleza tu. Dadangu alitumia na ako sawa.

---

mkunga_wa_eastlands

@mama_neema_k nafurahi dadako ako sawa na sisemi hivi kukudharau. Lakini tafadhali wamama msinywe hiyo kitu. Hakuna anayejua kipimo. Inaweza kaza kizazi bila kuachilia, na ni wakati kizazi kimeachilia ndio mtoto anapata damu na hewa vizuri. Kikikaza mfululizo mtoto anachoka, anajisaidia ndani ya maji, na kizazi chenyewe kinaweza pasuka, zaidi kwa mwenye amezaa mara mingi ama ako na kovu la upasuaji. Vile vidonge vya kuanzisha uchungu watu huuziwa kisirisiri duka la dawa ni vile vile. Hospitali tunavitumia, lakini kwa kipimo kidogo na mama ako mbele yetu tukisikiza moyo wa mtoto. Na kama ulishakunywa, mwambie nesi ukweli ukifika. Hatukupeleki polisi. Tunataka kujua ndio tukuangalie karibu.

---

nesi_wa_zamu

Mkunga mwenzangu niongeze mawili.

Moja, kuna watu wanasema mtoto akikaribia kuzaliwa anaacha kucheza juu hana nafasi. SI KWELI. Anaweza badilisha venye anacheza, asirushe mateke kama mbeleni, ajinyooshe na kujigeuza, lakini anacheza mpaka siku ya kuzaliwa na hata ukiwa kwa uchungu. Ukiona amepungua, lala ubavu wa kushoto, weka akili hapo, usiangalie simu. Kama masaa mawili hujahesabu mara kumi, enda. Na kama hachezi kabisa usilale kuhesabu chochote, enda hiyo saa, usiku ama mchana. Wengi wanangoja siku ya kliniki. Usingoje kliniki.

Mbili, presha. Kichwa kuuma sana isiyosikia panadol, macho kuona nyota ama ukungu, maumivu hapa juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kufura ghafla. Hiyo inaweza kuwa dalili ya presha ya mimba na ikiachwa inaleta kifafa cha mimba. 140/90 kwenda juu si ya kupuuza. Na inaweza kuja hata baada ya kujifungua.

---

mkunga_wa_eastlands

Asante @nesi_wa_zamu, hiyo ya mtoto kucheza ningetamani kila shosho na kila shangazi aisome.

---

umoja_innercore

Sista mimi swali langu ni la maji. Nitajuaje ni maji ya mtoto ama ni mkojo? Niko wiki 37 na siku hizi nikikohoa ama nikicheka kitu inatoka, naona haya hata kuuliza

---

mkunga_wa_eastlands

@umoja_innercore usione haya, wamama wengi mwezi wa mwisho wanapitia hiyo, kichwa ya mtoto inakalia kibofu.

Watu hufikiria maji lazima imwagike pwaa kama kwa filamu. Wengine ndio, inamwagika inalowesha godoro. Lakini mara mingi kichwa ya mtoto imeziba chini so inatoka kidogo kidogo, unabadilisha panty mara tatu ukifikiria ni jasho. Fanya hivi: enda ukojoe umalize, jipanguze, vaa pedi safi, halafu tembea na ukae kama nusu saa ama saa moja. Ukiamka kutoka kwa kiti uangalie. Mkojo una rangi ya njano na harufu unaijua. Maji ya uzazi haina rangi ama ni kama maji ya mchele, haina harufu ya mkojo, na huwezi kuizuia hata ukibana. Pedi ikilowa tena, enda hospitali, na uende na hiyo pedi waione. Usitie kitu ndani, usijioshe ndani, msikutane na mzee tena.

Rangi ndio kitu ya kwanza nitakuuliza ukifika mlangoni. Kama ni ya kijani ama kahawia, mtoto amejisaidia ndani, hiyo ni ya haraka. Inanuka, ama uko na homa, haraka. Kama unaskia kitu kama kamba inatoka ama unaiona, hicho ni kitovu kimetangulia. Piga magoti, weka kifua chini na makalio juu, usisimame usitembee, mtu aite gari, uende hivyo hivyo kwa kiti cha nyuma. Haitokei sana lakini ikitokea ni dakika tu.

Na maji ikitoka bila uchungu, uchungu utakuja. Kwa mimba iliyokomaa zaidi ya nusu ya wamama hushikwa ndani ya masaa 24. Lakini hiyo masaa hukai nyumbani, juu mfuko wa maji ushapasuka na wadudu wanapanda. Mama anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI, maji ikitoka enda moja kwa moja, na dawa zako uzimeze kwa wakati hata ukiwa kwa uchungu, ziweke kwa begi.

Hii yote nimesema ni ya wiki 37 kwenda mbele. Chini ya wiki 37 ukiona maji, ama tumbo inakazana kwa mpangilio, hakuna kuhesabu saa moja. Enda hiyo saa, na uende hospitali yenye iko na wodi ya watoto njiti. Kuna sindano ya kusaidia mapafu ya mtoto ikiwa ni mapema, lakini inahitaji muda kabla azaliwe ndio ifanye kazi.

---

baba_mtarajiwa

Wamama samahani kwa kuingilia, mke wangu ako wiki 36, tunakaa Pipeline floor ya sita. Nimesoma yote. Mimi nifanye nini? Mamake ako Kitui na mimi nafanya kazi Industrial Area, shift ya usiku mara mingine

---

mkunga_wa_eastlands

@baba_mtarajiwa Mungu akubariki kwa kuuliza, huna haja ya kuomba msamaha hapa.

Anza na geti. Naongea serious. Keateka wenu anafunga saa ngapi na ufunguo analala nao wapi? Nimeona mama amejifungulia ngazi ya plot juu keateka alizima simu. Mwambie leo, mwambie pia jirani wa floor yenu mwenye analalanga nyumbani. Floor ya sita na uchungu wa dakika tano mtashuka mkisimama kila mara, so mnatoka mapema kuliko mtu wa chini.

Teksi, tafuta mtu mmoja mnamjua ambaye anaweza amka saa tisa usiku, ongea na yeye na bei mkubaliane. Hizi za app ni sawa mchana lakini usiku anaweza kataa akiona ni mama mjamzito. Pikipiki isiwe mpango wenu wa kwanza. Weka namba ya ambulensi ya kaunti na namba ya leba ya hospitali yenu kwa simu zenu zote mbili na mzijaribu kabla ya siku, usikute ni namba ya zamani.

Pesa, SHA, ile bima ya afya ya serikali, mjisajili kwa *147# kama bado, na mhakikishe malipo iko sawa sasa, si siku ya uchungu. Linda Mama ya NHIF, ile bima ya zamani ya kujifungua bure yenye watu walizoea, iliisha SHA ilipoanza Oktoba 2024, bado naona wamama wanakuja wakifikiria inafanya kazi.

Kitabu cha kliniki na kitambulisho vikae pamoja. Hicho kitabu ndio kinaniambia grupu ya damu, presha, damu imepungua ama la, nikikuona mara ya kwanza saa nane usiku sikujui, kitabu kinakujua. Begi: leso mbili tatu, pedi kubwa za mama, pamba, sabuni, beseni ndogo, slipasi, nguo za mtoto, kofia, soksi, blanketi, na kikombe na thermos. Hospitali zingine ziko na list yao, ulizeni kliniki.

Na wewe kazi yako siku hiyo ni kuandika saa. Yeye hawezi kuhesabu akiwa anaumwa. Mkande mgongo chini pale kiunoni, mpe maji kidogo kidogo, mkumbushe aende kukojoa. Kama uko shift ya usiku, ongea na supavaiza mapema mjue nani atakushikia.

---

wiki38_githurai

Sista nimerudi. Sistangu ako hapa. Nimeandika: 22:31, 22:43, 22:52, 23:06, 23:16. Nimeoga, haijaisha lakini si mbaya sana, naweza ongea

---

mkunga_wa_eastlands

12, 9, 14, 10. Unaelekea lakini bado. Kuweza kuongea katikati ya uchungu ni ishara nzuri kwamba uko na muda. Jaribu kulala katikati ya moja na nyingine, hata dakika chache, utazihitaji. Sistako aendelee kuandika. Ukianza kushindwa kumaliza sentensi uchungu ukishika, angalia saa tena. Teksi iko?

---

wiki38_githurai

Iko, jirani ya chini ameambiwa

---

wiki38_githurai

Huyu ni sistake naandika. 02:40, 02:46, 02:51, 02:56, 03:01, 03:06, 03:11, 03:16, 03:21, 03:26, 03:31, 03:36, 03:41. Haongei akishikwa, anashika ukuta. Tunatoka

---

mkunga_wa_eastlands

Endeni. Kitabu cha kliniki msisahau. Alalie ubavu kwa gari.

---

mamawatatu

Tunawaombea. Mkifika mtuambie tafadhali

---

wiki38_githurai

Ni mimi. Msichana, kilo 3.1, analia vizuri. Nilifika nikiwa sentimita 6, nesi akaangalia ile list ya saa kwa simu ya sistangu akasema hii imemsaidia sana. Sista asante. Nimeshonwa kidogo na naumwa lakini niko sawa

---

mkunga_wa_eastlands

Hongera sana mama! Mnyonyeshe mapema. Damu ikilowesha pedi nzima chini ya saa moja, ama kichwa ianze kuuma vibaya, ita nesi hapo hapo, usimwonee huruma ati ako na kazi mingi. Hata ukishaenda nyumbani ni hivyo hivyo, unarudi.

---

kangemi_first_time

Hongera mama wa Githurai 🙏 Mimi niko upande ule mwingine, tarehe yangu imepita na siku tano na hakuna kitu, hata mgongo hauumi. Kila mtu ananipigia simu ananiuliza bado? Nimechoka. Mtoto anacheza

---

mkunga_wa_eastlands

@kangemi_first_time ile tarehe ni wiki 40 kutoka siku ya kwanza ya period ya mwisho, ni makadirio. Watoto wachache sana huzaliwa tarehe yenyewe, karibu 1 kwa 20. Wa kwanza wengi wanapitisha. Zima simu za watu, weka ya bwanako na ya hospitali tu.

Lakini usikae tu. Enda kliniki wiki hii, si ijayo, hata kama hawajakupea tarehe. Wapime presha, wasikize mtoto, waangalie maji imebaki ngapi, na mkubaliane siku ya kuanzishiwa uchungu. Ukifikisha wiki 41 kamili na tarehe zako ziko sawa, hapo ndio inapendekezwa uanzishiwe, juu kuanzia hapo kondo la nyuma linaanza kuchoka. Beba ile skani ya kwanza kabisa ulifanya, ile ya miezi ya mwanzo ndio inahesabu vizuri, za mwisho zinaweza kosea hata wiki tatu. Uko nayo?

---

kangemi_first_time

Niko nayo, ya wiki 11. Basi naenda kesho asubuhi

---

mkunga_wa_eastlands

Sawa mama. Enda umekula, na ubebe begi kabisa, wanaweza kuamua kukulaza hapo hapo.